Route 66, Kipande cha Oklahoma kwa Gari la Kukodi: Uzoefu Wangu

Wengi wakitaja Route 66, ile barabara ya zamani ya Marekani, wanawaza safari nzima, kutoka Chicago hadi ufukweni Santa Monica, karibu kilomita 3,900 kupitia majimbo manane. Likizo ya namna hiyo sina, na pesa ya hoteli zote hizo sina pia. Mimi na wifi yangu anayeishi Dallas tulikodi gari dogo tukachukua kipande cha Oklahoma tu: kutoka Miami, mji mdogo wa kaskazini mashariki mwa jimbo, kupitia Tulsa hadi Arcadia, jirani na Oklahoma City. Nawaandikia mnaoishi Marekani, au mnaokuja kusalimia ndugu, kwa sababu niliyoyasoma kabla ya kwenda yalikuwa picha za taa za neoni na sanamu kubwa kubwa. Hizo zipo, ila si ndizo zitakazonirudisha.

Kwa nini Oklahoma? Barabara hii ilipata namba yake mwaka 1926, na aliyeipigania zaidi alikuwa Cyrus Avery, mfanyabiashara wa Tulsa, ambaye alihakikisha inapita mlangoni kwake. Namba aliyoitaka ni 60. Kentucky nao waliing'ang'ania, mvutano ukawa mkubwa, mwisho akakubali 66. Mwaka 1985 namba hiyo ikafutwa kwenye orodha ya barabara za taifa, kwani magari yalikuwa yameshahamia kwenye barabara kuu mpya. Oklahoma lakini wamebaki na 66 kama barabara ya jimbo kwa sehemu kubwa ya njia, na watu wanaitumia kwa shughuli zao. Utakaa nyuma ya trekta. Basi la njano la shule litakusimamisha. Mzee kwenye pikapu atainua kidole kimoja juu ya usukani kukusalimu, na kufika mji wa Chelsea na sisi tulikuwa tunainua.

Kilichonikosha hasa kiko kati ya Miami na Afton: mabaki ya lami ya mwaka 1922, upana wake futi tisa, hata mita tatu hazifiki. Husimuliwa kwamba fedha hazikutosha, basi wakaona heri wajenge nusu ya upana kuliko nusu ya urefu. Ukishuka garini na kuinama utauona ukingo wa zege wa pembeni bado umenyooka, wakati katikati lami imeliwa na changarawe zimetanda juu yake. Wifi aliutazama akacheka: "Hii ni ile ile ya kwetu, mkikutana kila mtu anatoa tairi moja nje." Na ndivyo walivyopishana hapo hadi mwaka 1937, malori kwa magari madogo. Kabla hujaingia na gari la kukodi, soma mkataba, kwa sababu mingi hairuhusu njia mbovu. Mvua ikiwa imenyesha, paki pembeni utembee kwa miguu.

Foyil na Catoosa ni vituo vya kupiga picha, hasa mkiwa na watoto. Foyil kuna nguzo ya zege ya futi 90 iliyochongwa na kupakwa rangi kutoka chini hadi juu, kazi ya mwalimu mstaafu Ed Galloway, aliyeimaliza mwaka 1948. Catoosa kuna nyangumi wa bluu kwenye bwawa, na unaingia mdomoni mwake kwa miguu. Hugh Davis alimjenga mwanzoni mwa miaka ya 1970 kama zawadi ya kumbukumbu ya ndoa yao kwa mkewe. "Mwenzangu kajengewa nyangumi," wifi akasema, "kaka yako hata khanga ya sikukuu sijaiona." Tulsa tulipita tu. Mji ule unataka safari yake peke yake, hasa Greenwood, mtaa wa Weusi uliochomwa moto mwaka 1921.

Chakula tulikula Stroud, kwenye Rock Cafe, mgahawa wa mawe uliofunguliwa mwaka 1939. Uliungua mwaka 2008, lakini jiko lake la chuma la zamani likapona, na baga yako inachomwa juu ya chuma hicho hicho. Tulishiba vizuri.

Halafu mkaribie Luther. Pembeni ya barabara kuna sheli ndogo ya mawe ya mchanga, siku hizi haiuzi mafuta, na usipopunguza mwendo utaipita bila kujua. Ni ya ukoo wa Threatt. Allen Threatt aliijenga kwenye shamba lake, kwa mawe yaliyochimbwa humo humo, enzi ambazo msafiri Mweusi alibeba chakula chake na dumu lake la mafuta kwa sababu hakuwa na hakika ya kuuziwa mbele ya safari. Hapa aliuziwa, akapumzika, akaendelea. Na alihitaji kupanga saa zake vizuri, maana Edmond, mji unaofuata baada ya Arcadia, ulikuwa miongoni mwa ile miji ambayo Mweusi hakutakiwa kuonekana jua likishazama. Sisi wawili tulipita na ngozi zetu saa kumi na moja jioni tukibishana kuhusu muziki. Kama una muda wa kusimama mahali pamoja tu katika safari hii, simama hapa.

Ghala la mviringo la Arcadia, la mwaka 1898, nalo zuri. Panda juu utazame mbao za dari zilizopindwa kufuata duara. Kiingilio hakuna, kuna sanduku la mchango.

Lawama yangu ni kwa kampuni tuliyokodi gari. Ramani ya simu hutaka kukupeleka kwenye barabara za kulipia kila inapopata nafasi, na huko Oklahoma hakuna kibanda cha kulipa taslimu: kamera inasoma namba ya gari na bili inakwenda kwa mwenye gari. Tozo yenyewe ilikuwa ndogo. Kampuni ikaongeza "gharama ya huduma" iliyoizidi tozo, na mezani siku ya kuchukua gari hakuna aliyetutajia. Ulizeni mapema, na kwenye simu zimeni njia za kulipia kabla hamjawasha gari.

Nyota nne kati ya tano, ile moja wameila wenye gari. Kati ya Tulsa na Oklahoma City njia ya kulipia ni kama saa moja na nusu. Kwa 66 tenga siku nzima. Aprili na Mei mashamba ni kijani kibichi, ila ndio msimu wa vimbunga, kwa hiyo angalia utabiri wa hali ya hewa kila asubuhi kabla ya kutoka. Septemba na Oktoba presha hiyo hupungua.