Semina ya tabia nne: elfu 40 kwa wawili, pilau ikiwemo

Nianze na pilau, maana ndiyo iliyokuwa na uhakika siku ile. Nyama ilikuwepo ya kuonekana, kachumbari ilikuwa na pilipili, na soda zilitoka kwenye barafu kweli. Waandaaji wapewe haki yao.

Wifi yangu ndiye aliyetuandikisha bila kutuuliza, hela tukatoa sisi: shilingi 40,000 kwa mke na mume, ukumbini hapa hapa Tanga. Kadi ilisema saa tatu asubuhi. Tulianza saa nne na nusu, baada ya projekta kukubali. Mwezeshaji ni kijana mchangamfu, anajua kushika watu, na hakumdhihaki mtu yeyote hata pale ilipokuwa rahisi. Kwa hilo nampa alama zote.

Dodoso sasa. Karatasi mbili, kopi ya kopi, mistari 40, kila mstari una maneno manne na wewe unazungushia moja. Mwishoni unahesabu, unaambiwa wewe ni sangwini (mchangamfu), koleriki, melankoli au flegmatiki (mtulivu). Mstari mmoja ulinitaka nichague kati ya mtaratibu, mpole, mtulivu na mstaarabu. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, mwaka wa 14 huu, na bado sijajua mtaratibu na mtulivu wanapishana wapi. Aliyetafsiri alikuwa na haraka.

Mume wangu alitoka koleriki: jasiri, mtoa amri, haogopi mtu. Huyu huyu ambaye konda akimpunja chenji hukaa kimya mpaka tushuke, ndipo anihadithie mimi. Dodoso lile lilijazwa na mtu ambaye Baba Zuhura angependa kuwa. Simlaumu, hata mimi nilijipendelea. Nilitoka melankoli, mtu wa mawazo mazito, nikajiona msomi.

Kisha mwezeshaji akatugawia karatasi mpya akasema kila mmoja amjazie mwenzake. Hapo ndipo elfu 40 yangu ilipoanza kurudi. Kati ya mistari 40 tulikubaliana 11. Tulicheka mpaka meza ya jirani ikageuka, halafu nikafika kwenye neno alilonizungushia: "hasahau kosa". Sikucheka tena. Hilo tulilijadili ndani ya daladala hadi Pongwe, na siku ya pili tukaliendeleza.

Kilichoniudhi ni historia. Slaidi iliandikwa kwamba Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale, aligundua aina nne za watu. Nikanyoosha mkono, mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza, nikauliza hivyo hivyo. Maandishi ya kale yaliyo chini ya jina la Hippocrates, yale ya asili ya mwanadamu, hayazungumzii aina nne za watu. Yanazungumzia majimaji manne ndani ya kila mtu: damu, balghamu, nyongo njano na nyongo nyeusi, ambayo ndiyo yaliyozaa majina yale manne ya dodoso. Tena yanapanda na kushuka na majira: balghamu kipindi cha baridi, damu machipuko, nyongo njano kiangazi, nyongo nyeusi majani yakipukutika. Kwa hesabu hiyo mtu yule yule angejaza dodoso mara nne kwa mwaka na kupata majibu manne.

Naye Galen, tabibu aliyezaliwa Pergamon mwaka 129 na kuanza kazi kwa kuwatibu wapiganaji wa uwanjani, alihesabu michanganyiko tisa ya joto, baridi, ukavu na unyevu, mmoja wao ukiwa ule uliosawazika. Wao walikuwa matabibu. Ukizidi joto, unabadilishiwa chakula, unaambiwa uoge, ulale. Bibi yangu aliyekataza vyakula vya baridi kwa mwenye kikohozi angeelewana na Galen vizuri. Na si ajabu: neno balghamu lenyewe ni la Kigiriki, lilipita kwa Waarabu ndipo likatua kwetu. Safura nayo kwa Kiarabu ilikuwa nyongo njano, sisi tukaipa ugonjwa wa kupungukiwa damu. Hadi leo tunasema damu zao hazipatani, na hakuna anayedhani tunazungumzia kundi A na kundi O.

Mwezeshaji alinijibu kwa adabu kwamba tungelirudia baada ya chakula. Hatukulirudia.

Badala yake mchana ulikuwa wa nani amuoe nani. Koleriki kwa koleriki ni moto, flegmatiki amtafute sangwini, na kadhalika. Walikuwepo wachumba wawili, arusi bado miezi miwili, wote koleriki. Yule binti alianza kuandika haraka haraka kwenye kitini chake. Sikupenda kabisa. Karatasi yenye tafsiri mbovu haina mamlaka hayo.

Mdogo wangu anasema nilipaswa kufanya mtihani ule wa tabia wa mtandaoni, wa herufi nne, wenye aina 16, uliotokana na kazi ya Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers waliokuwa wamemsoma Jung, mtaalamu wa saikolojia wa Uswisi. Nimeufanya mara mbili, na ni bure. Mara ya kwanza nikiwa na marundo ya mitihani ya kusahihisha, mara ya pili likizo. Herufi mbili zilibadilika, na najua wengi yamewakuta hayo hayo. Ofisini kwa mdogo wangu wamebandika herufi za kila mtu mlangoni. Mlango haujui kama jana mtu alilala.

Mgiriki ninayempenda mimi ni Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle. Hakuweka nyongo wala herufi, alichora wahusika 30 kwa matendo yao tu. Bahili wake, mkewe akidondosha kisarafu, huhamisha vyombo, vitanda na makasha kukitafuta.

Nyota tatu, basi. Nendeni kwa ajili ya kujaziana dodoso na kwa ajili ya pilau, kisha ombeni ruhusa kabla ya saa nane. Wachumba msiende.

Juzi nilidondosha sarafu ya mia tano sebuleni. Baba Zuhura alisogeza kochi, akainua zulia, akaipata, pamoja na kitini cha semina nilichodhani nimekitupa. Bado kimeandikwa koleriki.