Martinsville 2004: zege lilibanduka, kiraka kikashika

Mbio za Advance Auto Parts 500 za tarehe 18 Aprili 2004, kule Martinsville, Virginia, zinakumbukwa kwa mambo mawili. Dereva Rusty Wallace alishinda baada ya kupitisha mbio 105 bila ushindi, na uwanja wenyewe ulianza kumeguka magari yakiwa yanazunguka. La kwanza limeshaandikwa vya kutosha. Hapa tunapima hilo la pili kama mnunuzi anavyopima bidhaa: kilichouzwa ni nini, kiliharibikia wapi, kikatengenezwaje, na je, leo mtu akatoe hela yake pale?

Uwanja huu una mzunguko wa maili 0.526, takriban mita 847, na ndio mfupi kuliko vyote vinavyotoa pointi za ubingwa wa Cup, ngazi ya juu ya NASCAR, ligi ya mbio za magari ya Marekani. Una nyoofu mbili ndefu zisizo na mwinamo, na kila mwisho kuna kona kali iliyoinamishwa nyuzi 12 tu. Mashabiki wanauita Kibanio cha Karatasi. Gari la mwaka ule lilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,540 na injini ya V8 yenye nguvu ya farasi wapatao 800. Dereva anakanyaga mafuta kwenye nyoofu, anafunga breki hadi diski zinawaka nyekundu, anakata kona akiwa amebana ukingo wa ndani, kisha anakanyaga tena. Magari 43, mizunguko 500, breki nzito mara mbili kila mzunguko: wote wakimaliza, hizo ni breki karibu 43,000 kwenye vipande vilevile viwili vya ardhi.

Lami haikuuweza mzigo huo. Ikipata joto na kusukumwa na tairi upande mmoja siku nzima, lami husogea, hujikunja na kuacha matuta. Ndiyo maana mwaka 1976 kona za Martinsville zilimwagwa zege huku nyoofu zikiachwa na lami. Uamuzi ulikuwa sahihi. Bristol, uwanja mwingine mfupi wenye kona zilizosimama zaidi, nao ulikimbilia zege mwaka 1992 kwa sababu lami yake ilikuwa haitulii. Ila zege lina tabia yake. Lami huanza kuchoka ukiiona: inapauka, kokoto zinajitokeza, kisha inatoa vijishimo. Zege huweza kuonekana zima juu huku chini limeshaachana na kitako chake. Maji yanaingia kwenye ungio au kwenye ufa mwembamba, majira ya baridi yanaganda na kutanuka, yakiyeyuka yanaacha uwazi, na mwaka unaofuata uwazi unaongezeka. Siku gari likipita juu yake kwa kasi, ukingo unapiga chini, unapasuka, na tairi la nyuma linakirusha kipande.

Hicho ndicho kilichotokea kona ya tatu (kila mwisho huhesabiwa kona mbili, kwa hiyo ya tatu ni mwingilio wa mwisho wa pili). Kipande kikubwa cha zege kilibanduka na kuligonga gari la Jeff Gordon, ambaye siku hiyo alikuwa miongoni mwa wenye kasi kubwa kuliko wote. Bendera nyekundu ikatoka na mbio zikasimama kwa zaidi ya saa moja. Gordon alimaliza wa 6. Bobby Labonte akawa wa pili na Dale Earnhardt Jr. wa tatu.

Mashabiki wa Safari Rally huenda wakacheka: mbio gani hizo za kusimamishwa na shimo moja? Lakini gari la rali limeinuliwa, lina bamba la chuma chini ya injini na shokapu zenye safari ndefu. Gari la NASCAR la uwanja mfupi hukaribia kulamba ardhi kwa mbele, na radieta yake inavuta hewa kupitia mdomo ulio chini kabisa ya pua. Kipande cha zege cha ukubwa wa ngumi kikiingia pale, maji yanamwagika na injini inakufa baada ya mizunguko michache. Kikigonga gurudumu la mbele, kinapinda tairodi (chuma kinachogeuza gurudumu) au mkono wa chini unaolishikilia, alaimenti inaharibika, na gari linaanza kula tairi upande mmoja. Na huwezi kulikwepa shimo lililo kwenye mstari wa ndani, maana Martinsville anayetoka nje ya mstari huo anapitwa na msururu mzima kabla hajapata nafasi ya kurudi.

Ukarabati wenyewe tunaupa alama nzuri. Kwa anayejua kazi ya zege, kuziba shimo uwanjani, watu wakiwa jukwaani, si mchezo. Kiraka kinachodumu hakianzi na kujaza, kinaanza na kubomoa zaidi. Unakata kwa msumeno wa almasi kuzunguka shimo mpaka upate kingo zilizosimama wima na kina cha angalau sentimita 4 au 5, kwa sababu kiraka kinachoishia kwa ukingo mwembamba ndio wa kwanza kumeguka. Unachokoa kila kilicholegea. Unapuliza vumbi kwa kompresa, kwani gundi ikishika vumbi haijashika zege. Unakausha, kwa moto ikibidi. Unapaka tabaka la gundi, unajaza mchanganyiko wa resini yenye sehemu mbili na mchanga mkavu, unasawazisha, na kikishaganda unapitisha grenda ili pasiwe na kizingiti.

Zege la kawaida hapo halifai, maana nguvu yake hupimwa baada ya siku 28. Kwa hiyo hutumika resini inayoganda ndani ya dakika, na resini inaogopa baridi na unyevu. Funzo hilo lilionekana wazi kwenye uwanja wa Daytona, Florida, mwezi Februari 2010. Ule si uwanja mfupi, ila kisa ni kilekile: shimo lilifunguka kati ya kona ya kwanza na ya pili, kiraka cha awali kikakataa kushika kwa sababu ya ubaridi, mbio zikasimama mara mbili kwa jumla ya zaidi ya saa mbili, na mwishowe likazibwa kwa Bondo, puti ileile ya mafundi wa bodi. Watu walicheka, lakini puti ilikuwa chaguo la busara kwa saa ile. Inaganda kwa kemikali yake yenyewe, na kasi unaipanga kwa hadena, yaani dawa ya kugandisha, takriban sehemu 2 kwa kila 100 za puti kwa uzito. Ukizidisha hadena ili iwahi, inakauka kabla hujaisawazisha na inabaki ngumu isiyo na mnyumbuko, tayari kupasuka. Ukipunguza, inabaki laini na tairi linaibeba. Vyovyote iwavyo, puti ni ya kumalizia siku, si ya kumalizia msimu.

Martinsville kiraka kilishika mpaka mzunguko wa 500. Kuna jambo moja ambalo wengi hulisahau wanapolalamikia muda uliopotea: mwaka 2004 uwanja ule haukuwa na taa. Taa za kudumu zilifungwa mwaka 2017. Kila dakika iliyoliwa na shimo ilikuwa inatolewa kwenye mwanga wa jua, na bado mbio zilimalizwa kamili. Mafundi wale wanastahili pongezi.

Alama zinashuka kwenye matunzo. Zege la miaka 28, kwenye jimbo lenye baridi ya kugandisha, halisubiriwi liseme lenyewe. Kulipima hakuhitaji mashine ya bei mbaya. Unaburuta mnyororo mzito polepole juu ya zege, au unagonga kwa nyundo kila nusu mita. Palipo zima panatoa mlio mkali, palipoachana pananguruma kama tupu. Unapiga alama ya rangi, unakata, unaziba siku kadhaa kabla ya mbio, wakati resini ina muda wa kukomaa. Sehemu za kuanzia ni ungio kati ya zege na lami mwanzoni mwa kona, kisha mstari wa ndani ambamo breki zinafungwa. Kazi ya asubuhi moja kwa watu wanne, mkikadiria kwa ukarimu.

Na timu? Hapo sheria ni kali: bendera nyekundu ikiwa juu, injini zinazimwa na fundi haruhusiwi kugusa gari. Maana yake uwanja ulitengenezwa huku gari la Gordon, lililoharibiwa na uwanja huohuo, likisubiri. Kwetu hii ndiyo kasoro kubwa ya huduma. Gari likiumizwa na dereva mwenzako, haya, ni mchezo. Likiumizwa na sakafu uliyopewa na mwenyeji, ingekuwa haki mafundi wapewe dakika tano za kunyoosha bodi na kukagua tairodi.

Baada ya mbio zile, uwanja uliwekwa sakafu mpya mwaka huohuo wa 2004. Mwaka huo pia familia ya mwanzilishi, H. Clay Earles, iliuza uwanja kwa kampuni ya International Speedway. Sakafu mpya imekuwa na adabu. Malalamiko ya leo Martinsville ni kuhusu tairi kutochakaa vya kutosha na magari ya sasa kushindwa kupitana, si kuhusu vipande vya zege.

Suala hilo la uchakavu linahitaji uangalifu, maana watu huchanganya sakafu iliyochakaa na sakafu inayobomoka. Sakafu iliyochakaa ni utamu. North Wilkesboro, North Carolina, uwanja wa maili 0.625, ulirudishiwa uhai mwaka 2022 na kupokea mbio za nyota wa NASCAR mwezi Mei 2023, Kyle Larson akishinda, juu ya lami iliyowekwa mwaka 1981. Lami ya aina hiyo imeshapoteza mafuta ya juu, kokoto zimebaki uchi, na zinakwangua mpira kama msasa. Tairi jipya linashika vizuri mizunguko michache, kisha gari linaanza kuteleza, na dereva mwenye mguu mwepesi anamla mwenye mguu mzito. Ndiyo sababu madereva wengi, Dale Earnhardt Jr. akiwa mbele, waliililia lami hiyo isiguswe. Lakini lami isiyo na mafuta haina pia cha kushikilia kokoto zake, na muda ulifika ikabidi ing'olewe. Msimu wa 2024 ulianza na lami mpya. Walioilaumu hatua hiyo hawakukosea kuhusu burudani. Walikosea kuhusu fizikia.

Mfano wa upande wa pili, wa sakafu inayobomoka, ni Dover, Delaware, mwezi Juni 2014. Uwanja wa maili moja, zege la mwaka 1995. Kipande kikabanduka kona ya pili, kikagonga gari la Jamie McMurray, na daraja la watembea kwa miguu lililo juu ya barabara likapasuliwa vioo. Mbio zilisimama dakika 22 tu. Lakini angalia zege lile lilikofika: kwenye daraja wanalopita watazamaji. Ndiyo maana hatukubaliani na anayesema shimo ni tatizo la madereva peke yao.

Kwa anayetaka kwenda Martinsville sasa: uwanja uko Ridgeway, pembeni mwa barabara ya US 220, na Waswahili wanaoishi Greensboro au Roanoke wanaufikia kwa gari kwa takriban saa moja. Mbio za vuli ni za mizunguko 500. Za majira ya kuchipua zilipunguzwa hadi 400, na kwa maoni yetu ni fupi mno kwa uwanja huu, maana breki na hasira havijafika kwenye kiwango chake. Usinunue viti vya safu za chini hata vikiwa rahisi: utaona paa za magari na wavu, na utakula makombo ya mpira mweusi mchana kutwa. Panda juu, upande unaotazama mwingilio wa kona ya tatu. Hapo utaona breki zikifungwa na diski zikiwaka jua likishazama. Beba vizibo vya masikio, vya watoto vikiwa vya kufunika sikio zima. Redio ya kusikiliza mazungumzo ya timu ina thamani ya kila dola, hasa mbio zikisimama na watangazaji wakawa hawana la kusema.

Hotdogi ya pale ina sifa nchi nzima: soseji nyekundu, rojo ya nyama ya kusaga, kabichi, kitunguu na haradali, na kwa miaka mingi iliuzwa dola 2. Ni laini, inachafua mkono, na haina cha ajabu sana zaidi ya bei. Kula mbili mapema, kabla foleni haijajaa.