Jiko gani ununue ukijali mapafu: kuanzia lililo salama hadi la kukwepa

Wanunuzi wengi wa jiko huuliza mambo mawili: linapika haraka? Linakula nishati kiasi gani? Naomba uongeze la tatu, tena uliweke mbele: likiwaka, linaacha nini hewani?

Kuni, mkaa au mafuta yasipoungua sawasawa hutoa chembechembe laini zisizozidi mikromita 2.5. Unywele wa kichwani ni mnene kuzishinda karibu mara 30. Pua na koo hazizizuii. Huzama hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na zile ndogo zaidi hupenya kwenye damu. Ndiyo maana madhara yake hayaishii kwenye kikohozi. Kuna kiharusi, ugonjwa wa moyo, saratani ya mapafu, na nimonia kwa watoto wadogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Nambari moja kwangu ni jiko la umeme, kwa sababu halichomi kitu jikoni. Kinachobaki ni mvuke na moshi wa kukaangia. Kwa vyakula vya kuchemka muda mrefu, chukua sufuria ya presha ya umeme. Joto halitoroki, hivyo umeme unaotumika ni mdogo. Ukipenda jiko la induksheni, yaani la umeme linalopasha sufuria yenyewe kwa nguvu ya sumaku, nenda dukani na kipande cha sumaku. Kikinasa kitako cha sufuria, sufuria hiyo inafaa.

La pili ni gesi ya mtungi, na jiko la ethanoli (aina ya spiriti) nalihesabu hapohapo. Chembechembe zake ni chache sana, ingawa gesi ikiwaka hutoa naitrojeni dayoksaidi, hewa chafu inayowasumbua wenye pumu, kwa hiyo dirisha liwe wazi. Omba muuzaji aliwashe mbele yako. Moto uwe wa bluu. Ukiwa wa njano, weka sufuria safi juu yake dakika chache kisha pitisha kidole kitakoni: kikitoka cheusi, hayo masizi ndiyo ambayo ungekuwa unayavuta.

La tatu ni jiko banifu la kuni, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotezwa. Kubana kuni si kubana chembechembe. Jiko linaweza kupunguza kuni kwa nusu na bado likaijaza nyumba moshi. Yale yenye feni huunguza kuni vizuri zaidi, hasa zikiwa kavu, lakini utafiti uliofanyika Malawi kwa watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano, uliochapishwa 2016, haukuona nimonia ikipungua katika nyumba zilizopewa majiko hayo. Kwa hiyo ukilazimika kununua, uliza matokeo ya vipimo vya ISO (shirika la kimataifa la viwango), ambavyo hupanga majiko kuanzia daraja 0, la chini kabisa, hadi 5, lililo bora. Usiridhike na daraja la matumizi ya kuni. Dai lile la chembechembe. Bomba la kutolea moshi nje nalo ni muhimu.

Mkaa nauweka chini ya hapo. Unadanganya macho kwa kuwa moshi wake hauonekani sana, kumbe unatoa kaboni monoksaidi isiyo na harufu, inayoua watu usingizini. Usiuingize kamwe kwenye chumba kilichofungwa.

Jiko la mafuta ya taa usinunue kabisa. Tangu 2014 WHO inashauri mafuta hayo yasitumike majumbani.

Jambo moja zaidi kabla hujalipa. Kiwango cha juu cha chembechembe hizo kinachoshauriwa na WHO tangu 2021 ni wastani wa mikrogramu 5 tu kwa mita ya ujazo kwa mwaka, na moto wa kuni wa kila asubuhi peke yake unatosha kukivuka. Jiko jipya likiwekwa kando ya mafiga yanayoendelea kuwashwa, pesa yako imepotea. Umeme ukikatika, jiko la akiba liwe la gesi.