Bia za Kijerumani katika Joto la Dodoma: Ipi Inastahili Bei Yake?

Kati ya bia za Kijerumani zinazopatikana kwa sasa katika duka moja la vinywaji la Area D hapa Dodoma, ile ninayoweza kumshauri mtu ainunue bila kusita ni Paulaner Münchner Hell, lager (bia inayochachuliwa kwenye ubaridi) ya rangi ya dhahabu yenye kilevi cha asilimia 4.9. Naitaja mapema kwa sababu nimewaona wanunuzi wengi wakiipita, kwa kudhani kwamba bia yenye rangi hafifu haina jambo, wakachukua ile yenye chupa ya kuvutia zaidi. Duka lenyewe ni dogo, lina viti vichache barazani kwa anayetaka kunywea hapohapo, na chupa ya nusu lita huuzwa kwa bei inayoweza kununua bia tatu za hapa nchini, kwa hiyo mteja ana haki ya kujua analipia nini.

Bia ya aina hiyo, iitwayo Helles, ilianza Munich mwaka 1894, pale kiwanda cha Spaten kilipoamua kuijibu bia ya dhahabu ya Plzeň, mji ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, ambako Josef Groll, mpika bia kutoka Bavaria, alipikia pilsner ya kwanza mwaka 1842. Watu wa Plzeň waliegemea uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Wa Munich waliegemea kimea cha shayiri. Ukiinusa Paulaner hii utapata kwanza mkate mpya, kisha utamu wa mbali wa asali ambao haufiki kuwa sukari, na uchungu unakuja mwishoni kabisa, kidogo tu, wa kusafisha kinywa ili kishawishike kurudi kwenye glasi. Povu lake ni jeupe na zito, na linashuka taratibu likiacha pete kwenye glasi kila unapokunywa.

Lakini hayo yote hayaonekani mara moja, na hapa ndipo penye hoja yangu kubwa. Mhudumu wa duka hili, kama mwenzake wa baa yoyote nchini, hukuuliza, “Kaka, baridi au ya moto?” Ya moto ni ile iliyokaa tu rafuni, na baridi ni ile iliyokaribia kuganda. Naelewa vizuri kwa nini watu wa Dodoma tunaipenda hiyo ya pili, maana Oktoba na Novemba joto hupita nyuzi 30 na koo linadai kitu cha kulipoza. Hata hivyo, ulimi uliokufa ganzi hauonji chochote, na bia iliyopikwa kwa ufundi mkubwa inageuka kuwa maji baridi yenye gesi. Iache glasi mezani ifike nyuzi 8 hivi, na katika baraza la Dodoma haichukui muda. Hapo ndipo ule mkate unapojitokeza.

Ufundi ninaousema ni wa subira. Hamira ya lager hufanya kazi yake kwenye ubaridi, kiasi cha nyuzi 8 hadi 13, kisha bia hupumzishwa kwa wiki kadhaa karibu na nyuzi sifuri hadi itulie na kutakata. Kabla ya Carl von Linde kuunda mashine zake za kupooza katika miaka ya 1870, kazi hiyo ilitegemea mahandaki na barafu iliyovunwa wakati wa baridi. Ndiyo maana viwanda vidogo vingi duniani huanza na bia zinazochachuka haraka kwenye joto la kawaida: tangi la lager linakaa limejaa muda mrefu, umeme unalipwa kila siku, na kasoro haina pa kujificha. Harufu ya siagi huashiria kwamba bia iliharakishwa kabla hamira haijamaliza kazi, na harufu ya mahindi ya kuchemsha mara nyingi huashiria kwamba haikuchemshwa vya kutosha au ilipozwa polepole mno. Atakayethubutu kupika lager ya kiwanda kidogo hapa katikati ya nchi atakuwa na kazi kubwa, na mimi nitakuwa mteja wake wa kwanza.

Chupa iliyonisikitisha ilikuwa pilsner ya chupa ya kijani, ambayo siitaji jina kwa sababu aliyeipika hana kosa. Ilipofunguliwa ilitoa harufu kama ya kicheche aliyekasirishwa. Harufu hiyo husababishwa na mwanga: viambata vichungu vya hopsi vinapopigwa na jua huvunjika na kuzaa kemikali yenye salfa, na pua ya binadamu huitambua hata ikiwa kidogo mno. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na kopo huuzuia wote. Rafu ya duka hili inatazama magharibi, na jua la alasiri huziangukia chupa moja kwa moja. Nilimweleza mama mwenye duka, akanibadilishia bia bila ubishi na kuniletea nyingine kutoka ndani ya boksi, nayo ilikuwa safi, kavu na chungu ipasavyo. Anayenunua na aombe ya boksini, kisha asome tarehe ya mwisho nyuma ya chupa, kwa kuwa lager iliyochakaa hupoteza harufu ya hopsi na kuanza kunukia boksi lililoloa.

Erdinger Weissbier, yenye asilimia 5.3, si lager, ingawa duka limeiweka pamoja nazo. Ni bia ya ngano, na hamira yake hufanya kazi kwenye joto la juu zaidi, ikizalisha yenyewe harufu ya karafuu na ndizi mbivu bila mtu kutia kiungo chochote. Rangi yake ya ukungu ni halali. Imimine taratibu kwenye glasi ndefu iliyosuuzwa vizuri, kwa maana masalia ya mafuta au sabuni huua povu; bakiza kidogo, zungusha chupa ili hamira iliyotuama chini iinuke, ndipo umalizie. Inafaa sana mchana pamoja na kuku wa kuchoma mwenye ndimu. Kwangu moja inatosha, kwani ndizi ile inachosha kwenye glasi ya pili.

Nyama nyekundu na kitimoto zinahitaji kitu kingine, nacho kipo: Köstritzer Schwarzbier, lager nyeusi ya asilimia 4.8 kutoka Bad Köstritz, Thuringia. Weusi wake huwatisha watu wakidhani ni nzito na kali, kumbe mwili wake ni mwepesi kuliko rangi inavyoahidi. Weusi unatokana na kimea kilichokaangwa, na ndicho kinacholeta ladha ya kahawa na maganda ya mkate. Niliinywa na kitimoto cha kukaanga chenye pilipili na ndizi za kuchoma, na ule ukavu wa kimea ulikata mafuta ya nyama vizuri kuliko bia nyingine zote za meza ile. Kwa bahati mbaya duka huipata kwa nadra, na ikifika kutoka Dar es Salaam huisha upesi, hivyo ni vyema kumpigia simu mama mwenye duka na kumwomba akuwekee, ndani, mbali na rafu ile ya magharibi.