Civita di Bagnoregio, Italia: tiketi ya euro 5 inakupa nini

Ili uingie Civita di Bagnoregio, mji mkongwe juu ya kilima, ni lazima ulipe tiketi ya kuvuka daraja. Mimi nililipa euro 5. Ada hii ilianza mwaka 2013 ikiwa euro 1.50, ikapanda polepole, na wageni wengi wanaoinung'unikia ni wale wanaopita haraka, wakapiga picha na kurudi. Mji wenyewe ni mdogo kweli: uwanja mmoja, kanisa moja, vichochoro vichache, na wakazi wa kudumu wachache mno. Mapato ya tiketi yameisaidia sana halmashauri ya Bagnoregio, mji jirani unaoisimamia Civita, hadi ikawafutia wakazi wake kodi za manispaa. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kulipa bila kinyongo.

Civita iko mkoa wa Lazio, upande wa Viterbo, kama kilomita 120 kaskazini mwa Roma. Waetruska, watu wa kale wa Italia ya kati, waliujenga zaidi ya miaka 2,500 iliyopita juu ya kilima chenye tabaka mbili zisizopatana. Juu kuna tufo, jiwe la volkano lililotokana na milipuko ya eneo la Ziwa Bolsena. Chini yake kuna udongo wa mfinyanzi ulioachwa na bahari ya kale. Mvua, pamoja na vijito viwili vya Rio Chiaro na Rio Torbido, hula ule udongo wa chini. Tufo ikikosa pa kuegemea hupasuka nyufa za wima, kisha pande zima huporomoka bondeni pamoja na nyumba iliyokuwa juu yake. Ndiyo maana Civita haichakai polepole kama miji mingine mikongwe. Inamegwa kutoka ukingoni kama mkate.

Ukilijua hilo, kila kona inasomeka. Karibu na lango la Santa Maria kuna jumba la kitajiri lililobaki ukuta wa mbele tu. Simama chini ya madirisha yake utazame juu: utaona mbingu, kwa sababu vyumba vilivyokuwa nyuma vilikwenda na mwamba. Nyumba aliyokulia Mtakatifu Bonaventura, mwanateolojia wa Wafransisko aliyefariki mwaka 1274, nayo ilianguka zamani. Tetemeko la Juni 1695 ndilo lililouvunja mji mgongo: askofu na serikali wakahamia Bagnoregio ya ng'ambo, na kanisa la San Donato likapoteza hadhi yake ya kanisa kuu.

Usilipite lango lenyewe kwa haraka. Njia yake imechongwa ndani ya tufo na Waetruska, na juu yake kuna simba wa mawe wanaobana vichwa vya watu kwa makucha, kumbukumbu ya wananchi kuwashinda mabwana wa ukoo wa Monaldeschi wa Orvieto. Ndani ya San Donato tafuta msalaba wa mbao wa karne ya 15. Kila Ijumaa Kuu huvushwa kwa maandamano hadi Bagnoregio, na mapokeo yanasema usiporudishwa kabla ya saa sita usiku, Civita inaupoteza.

Ushauri wangu mkubwa: anza na jumba la makumbusho ya jiolojia na maporomoko, lililofunguliwa mwaka 2012 ndani ya Palazzo Alemanni. Linaeleza tabaka za kilima na jinsi wahandisi wanavyojaribu kukishikilia. Wengi hulifikia mwisho wakiwa wamechoka, au hawalioni kabisa, na hapo ndipo thamani ya safari inapopotea. Halifunguliwi kila siku mwaka mzima, kwa hiyo uliza saa zake kabla ya kupanga siku.

Kuhusu usafiri, panda treni kutoka Roma hadi Orvieto, kisha basi la Cotral kutoka stesheni hadi Bagnoregio. Nunua tiketi za basi za kwenda na kurudi mapema, kwenye baa au duka la sigara. Kosa linalowaharibia wengi siku ni kwenda Jumapili au sikukuu, kwani mabasi ya Orvieto hayaendi siku hizo. Ukishuka, kuna mwendo wa karibu kilomita 2 kupita katikati ya Bagnoregio. Simama kwanza Belvedere, mahali pa kutazamia mandhari, maana kilima chote, daraja na miteremko tupu ya udongo huonekana vizuri zaidi kutokea hapo.

Daraja la zege, lililojengwa mwaka 1965, lina urefu wa mita 300 hivi. Nusu ya kwanza ni rahisi, lakini kipande cha mwisho kinapanda kwa ukali, hakina kivuli, na upepo wa bondeni huvuma kwa nguvu. Mwenye matatizo ya magoti apande polepole, na kwa kiti cha magurudumu sishauri. Vaa viatu vyenye soli inayoshika, kwani mawe ya vichochoroni huteleza yakilowa. Beba maji.

Nenda asubuhi mapema siku ya kazi. Kuanzia saa tano makundi ya watalii huziba lango, na hapo huwezi kuutazama ukuta wowote kwa utulivu. Saa tatu zinatosha kwa mji na makumbusho. Naipa nyota 4 kati ya 5. Ile moja imekwama kwenye mabasi. La mwisho kurudi Orvieto huondoka mapema jioni, kwa hiyo piga picha ratiba iliyobandikwa kituoni mara tu unaposhuka.