Kliniki ya mtaani kwetu usiku: nyota nne, moja nimeinyima kaunta

Nimempeleka mzee saa tatu usiku, kapanda ngazi tu kifua kikambana, akakaa kikaachia, akainuka tena kikarudi. Yeye anasema gesi, na wa kumlaumu sio yeye, wiki mbili nyuma zahanati moja walimpa dawa ya vidonda vya tumbo bila kumpima hata presha.

Hapa nesi kamwambia "shikamoo baba, hebu nionyeshe panapouma", mzee hakunyoosha kidole, kaweka ngumi katikati ya kifua. Nesi kuiona ile ngumi kaacha kuandika, kamlaza, nyaya zikabandikwa kifuani mikononi na miguuni, dakika kumi hazijaisha karatasi ya ECG, kipimo cha umeme wa moyo, imetoka. Iko safi! Mi nikaanza kutafuta viatu vya mzee.

Daktari akanizuia. Anasema mshipa wa moyo ukiziba, msuli unaanza kufa na unamwaga troponini, protini ya msuli wa moyo, kwenye damu, ila inachukua masaa kuonekana, kwa hiyo tunapima sasa hivi na saa sita usiku tunarudia. Hapo ndo nikaelewa tofauti ya anjaina na shambulio la moyo, anjaina mshipa umekuwa mwembamba tu, ukiupa moyo kazi unalalamika, ukipumzika unatulia ndani ya dakika chache. Shambulio halijali umekaa au umelala, linabana dakika 20 na zaidi, jasho la baridi, kichefuchefu, maumivu yanapanda taya au mkono. Na mwenye sukari kama mzee wangu anaweza asisikie maumivu kabisa, akahema tu.

Sasa kaunta. Sampuli ya pili imekaa pale karibu dakika 20 eti nimalizie malipo kwanza, jamani si mngeipeleka maabara huku natafuta salio!

Majibu yote mawili yakatoka poa, ni anjaina, ila kwa sababu ni mpya hawakuipuuza, kapewa aspirini na barua ya kwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete kesho yake asubuhi. Kapewa na vidonge vya kuweka chini ya ulimi, anakiacha kiyeyuke akiwa amekaa maana presha inashuka, dakika tano zikipita bado kinabana ni hospitali moja kwa moja. Daktari akauliza, "mzee, unatumia dawa za nguvu za kiume?" maana zikikutana na hivyo vidonge presha inaporomoka vibaya. Mzee akakohoa. Mi nikatoka nje kutafuta bajaji.