Mota ya waipa kwenye meza ya miling: miezi minane ya kuitumia

Meza ya mashine yangu ya miling naisogeza kwa mota ya waipa, ile inayofuta kioo cha gari. Niseme mapema: ni mashine ya miling ya kuchonga chuma, si ya kusaga mahindi. Kila nikilitaja jina hilo hakosi mtu wa kuniuliza sembe kilo ngapi.

Yangu ni ndogo, ya kukaa juu ya benchi. Meza yake inatembea milimita 220, na kila mzunguko wa hendeli unaisogeza milimita 2. Piga hesabu: mizunguko 110 kwenda, 110 kurudi, na kipande kimoja huenda kikapitiwa mara kumi. Bega liliuma, sawa, ila kilichonisukuma hasa ni uso wa kazi. Mkono hauna mwendo mmoja. Ukisita kidogo tu kubadilisha mshiko, kisu kinasugua palepale na kuacha mstari, na mteja atauona kabla yako.

Mota za dukani za kusogeza meza niliziangalia. Nyingi zimetengenezwa kwa mashine kubwa za mtindo wa Bridgeport. Kuifunga kwenye yangu ni kumtwika mbuzi gunia la mkaa. Bei yake, ukijumlisha usafiri na ushuru, ilikuwa inaikaribia ya mashine yenyewe. Nikaenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta mota ya waipa.

Nilipata ya volti 12, mtumba, elfu thelathini na tano. Nikaihesabia kwa saa: spidi ndogo mizunguko 42 kwa dakika, kubwa 63. Maana yake meza inakwenda milimita 84 au 126 kwa dakika. Kisu changu cha milimita 10 chenye meno manne, kikizunguka mara 800 kwa dakika na kila jino likila milimita 0.03, kinataka milimita 96. Nikaongeza kidhibiti mwendo cha kuzungusha kwa kidole, nikapata kila kilicho katikati. Umeme unatoka kwenye pawa saplai ya kompyuta iliyokufa.

Kilichonitesa ni kurudi nyuma. Siku ya kwanza nilibadilisha chanya na hasi kwa swichi, cheche zikaruka, pawa saplai ikazima. Mota nyingi za waipa hasi yake imeungwa kwenye bodi, kwa sababu ndani ya gari bodi yote ni hasi. Ukigeuza waya, bodi inakuwa chanya, nayo umeifunga kwa bolti kwenye mashine yenye waya wa ardhi! Nikaifungua, nikautenga na bodi ule waya wa brashi (kile kipande kinachopeleka umeme kwenye sehemu ya mota inayozunguka), nikautoa nje peke yake. Nikaweka na fyuzi ya ampea 10, jambo ambalo ningelifanya kabla ya yote kama nisingekuwa na haraka. Ikirudi nyuma inakwenda taratibu kidogo kuliko ikienda mbele, hasa kwenye spidi kubwa. Ndivyo brashi zake zilivyopangwa.

Kosa la pili lilinigharimu wiki nzima. Gia ya ndani haikubali kuzungushwa kutokea upande wa meza, kwa hiyo mota ikishafungwa moja kwa moja, hendeli haigeuki tena. Lazima iwepo klachi. Nilichonga bushi inayoteleza juu ya shafti, yenye pini mbili za shaba: ukiisukuma inashika, ukiivuta unabaki na mkono wako. Shaba niliichagua makusudi, ili meza ikigonga mwisho ikatike pini na si skrubu inayoisogeza meza. Zimeshakatika mara mbili. Ya pili nilikuwa nje napokea simu. Jioni hiyohiyo nikafunga pande zote swichi za kikomo, zinazoizima mota meza ikifika mwisho.

Uso wa kazi sasa umetulia, mistari iko sawa kama imepigwa rula. Ila usiiamini mota kukata kwa kufuata mzunguko wa kisu, yaani meza ikienda upande uleule ambao meno yanaivutia. Nati ya meza yangu inacheza kwenye skrubu, kisu kinaivuta meza ghafla, na ukiwa kwenye mota huna mkono wa kulihisi hilo likija. Mimi nakata kwa kupingana nacho tu.

Ningenunua ya dukani? Kwa mashine kubwa, ndiyo. Kwa hii, hapana, ingawa kurudisha meza tupu kutoka mwisho hadi mwanzo bado kunachukua karibu dakika mbili, na mara nyingi naishia kuvuta klachi na kuzungusha kwa mkono.